Walikuita, Baba

Queensbury, London
9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda huu wote. Barua yako ya Krismasi ya mwaka juzi ninayo hapa, nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kupasuka, na kila Jumapili nilisema leo najibu. Jumapili zikapita. Sina sababu ya kukupa ila moja, nayo nitaifikia huko chini, kwa hiyo usiruke mistari.

Habari za huko? Baridi imekuachia magoti? Viazi vimetoka namna gani? Sisi ni wazima. Mtoto amepona kikohozi. Anakula chapati kama mtu mzima, na Kiswahili anakielewa chote lakini ananijibu kwa Kiingereza. Nikisema "leta viatu," viatu vinakuja, ila mdomo unazungumza mambo mengine. Tunaishi chumba cha juu kwa mama mmoja Mhindi anaitwa Pushpa, mzaliwa wa Nakuru. Aliondoka huko msichana, lakini Kiswahili chake cha dukani hakikuondoka. Asubuhi ananipigia kelele kwenye ngazi: "Wewe mama Leon, taa iko waka bure juu, nani nalipa?" Huyo ndiye mtu ninayezungumza naye Kiswahili, Baba. Huyo tu.

Sasa ile sababu. Mimi si askari tena. Nilitoka jeshi la hapa Uingereza mtoto alipoanza kutembea. Kambi ilitaka kunihamisha, na hakukuwa na mtu wa kumshika. Siku hizi nafanya kazi hospitalini, nasukuma wagonjwa kwenye vitanda kutoka wodi kwenda eksirei na kurudi. Habari za kambi nilizokuandikia baadaye zilikuwa za zamani, nilizipasha moto tu.

La pili: Leon ni jina la nasari. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa Ndiritu, kama wewe. Tukiwa wawili namwita Baba.

La tatu ni ombi. Serikali ya hapa inawalipia karo ya chuo kikuu askari waliomaliza utumishi wao, lakini haki hiyo ina muda. Yangu inaisha mwaka huu. Nisipoanza Septemba, inakufa kama tiketi ya jana. Chuo kimoja kimekubali kunichukua, nianze na mwaka wa matayarisho, ila wanataka cheti changu cha kidato cha nne chenyewe, hawataki kopi. Najua kilipo. Kiko sebuleni ukutani, chini ya picha yangu ya gwaride la kufuzu.

Nitumie, tafadhali.

Binti yako,
Nyaguthii


S.L.P. ya Kanisa, Nanyuki
6 Machi 2025

Kwa mama yangu Nyaguthii,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kabisa. Mvua bado. Viazi ni vidogo lakini vinaiva. Simu yangu spika imekufa, ndiyo maana ukipiga unasikia nakata. Si hasira. Barua ni bora, barua haina kelele.

Nimeliona jina la mtoto. Mvulana wa kwanza huchukua jina la upande wa babake, kama wewe ulivyochukua la mama yangu kwa sababu mimi nilikuwapo. Huyu amechukua langu. Sitauliza kuhusu babake, Jeff. Mungu amkuze mtoto.

Kuhusu kutoka jeshini. Niliisoma barua, nikaiweka chini, nikaenda kumwagilia mboga za sukuma. Niliporudi nikaisoma tena, na ilikuwa vile vile.

Vijana wa mtaa huu wanakuja hapa kuniuliza namna ya kujiunga. Nawaonyesha picha yako. "Sajini, kweli huyo ni wako?" Nasema ni wangu. Sasa niwaambie nini? Kwamba anasukuma vitanda?

Mimi nilipiga mzinga miaka zaidi ya ishirini. Siku ya kutoka nilipewa mkono, cheti cha mwenendo mwema na blanketi. Hakuna aliyeniuliza, Ndiritu, ungependa kusoma nini. Wangeuliza labda ningesema ramani. Nilipenda ramani. Kwa hiyo habari za serikali kumlipia askari chuo nazisoma kama hadithi. Jeshi likulishe, likuvishe, ukishatoka likupeleke na darasani? Angalia usitapeliwe.

Cheti kiko ukutani. Kinakaa vizuri.

Babako,
Sajini Mstaafu Ndiritu


Queensbury, London
2 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Natumaini mvua imefika na sukuma imepumzika kubeba hasira zako. Huku wamesogeza saa mbele, jioni zimerefuka, na mtoto anakataa kulala kwa sababu jua halijalala. Kila mzee mweusi mwenye kofia tukimkuta kituoni, anamwita Guka, kana kwamba kila babu ni wewe. Wengine wanageuka wakacheka. Mmoja alimpa mkono.

Asante kwa kutouliza.

Spika ya simu imekufa. Hii ni simu ya tatu, Baba, na zote zinakufa spika. Sisemi kitu.

Nilienda chuoni siku ya kukaribisha wageni. Sisi tuliotoka jeshini tunajulikana kwa mbali: tulifika mlango haujafunguliwa, viatu vinang'aa, tukapanga mstari bila kuambiwa. Mkuu wa idara, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alituambia wazi kwamba idara yake ilikuwa ifungwe. Vijana hawaiombi. Karo za askari ndizo zimeiweka hai, na kwa ajili yetu wamebadilisha hata ratiba, masomo yaishe kabla nasari hazijafunga. Hakuna mtu anayetapeliwa, Baba. Wanatuhitaji kama sisi tunavyowahitaji.

Nilikaa na msichana wa Harrow, Minal, ametoka shule juzi. Akaniuliza, "Wewe umelipiwa yote? Mimi nitalipa mkopo mpaka nywele ziwe nyeupe. Kumbe bunduki ndiyo inanunua kiti siku hizi." Nilitaka kumjibu vibaya. Nikamwambia, "Wewe nisaidie kemia, mimi nitakufundisha kuamka." Akacheka. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani, kwa sababu ni kweli: viti vyetu viko sawa na bei si sawa. Nikakufikiria wewe pia na blanketi lako. Haki hii ingekuwa mkate, ningekukatia nusu.

Mama Pushpa anakusalimu. Ana mashine ya masikio aliyopewa hospitali, lakini inaishi ndani ya kopo la biskuti. Nilimuuliza kwa nini haivai. "Nikivaa nasikia friji yote, nasikia wewe napanda ngazi, nasikia jirani nagombana na bwana yake. Bora hivi." Siku iliyofuata nikaisikia televisheni yake mpaka mtaa wa pili.

Sasa sikiliza. Picha ibaki ukutani. Si uongo, lile gwaride nililipita. Cheti nakihitaji. Kitoe kwenye fremu, ukifunge na kadibodi, kisikunjwe, na wamesema wazi kisiwe kimetiwa plastiki. Kiwe hapa kabla Julai haijaisha. Usiniulize nasomea nini, nitakuambia nikishaingia.

Nyaguthii


Nanyuki
12 Juni 2025

Kwa mama yangu,

Salamu. Cheti hicho. Wiki ile ulipoondoka, Shiro wa ile saiba ya kompyuta na kopi alikitia plastiki, nilimwambia mimi, ili moshi wa jikoni usikiguse. Sasa hakina plastiki.

Majani ya chai ni yenu wote, usiweke mengi kwa mtoto.

Pale ukutani nimeweka kalenda ya kanisa. Haijazi pengo.

Babako


Queensbury, London
8 Julai 2025

Baba mpendwa,

Tumepata kila kitu. Mama Pushpa alinusa pakiti ya chai, akasema, "Hii Nakuru hii," nikamwambia ni Nanyuki, akasema nisimharibie. Mtoto ameangusha jino kwenye ngazi za bustani, lakini hakulia sana. Wewe hujambo? Viazi?

Ulitumia pasi, Baba.

Ncha yake imebaki kwenye kona, ya kahawia, kama jani. Nakuona kabisa: kitambaa chenye maji juu ya meza, makaa ndani ya pasi, umekunja mikono ya shati. Wewe unaamini hakuna kitu duniani pasi haiwezi kunyoosha. Jina langu lipo. Jina la shule lipo. Alama za Hesabu, Kemia na Biolojia zimeondoka na plastiki.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaenda bafuni nikafungua maji ili mtoto asinisikie. Lakini sina hasira na wewe, nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Chuo wamekikataa. Ila yule mkuu wa idara amenitetea: nitaruhusiwa kuanza Septemba, mradi baraza la mitihani lililoko Nairobi liwatumie lenyewe uthibitisho wa alama zangu kabla ya muhula kwisha. Uthibitisho usipofika, kiti kinakwenda, na haki yangu ya kusoma inakwenda nacho. Hairudi. Nilijaribu kuomba kwa mtandao nikashindwa, kwa sababu kwenye pasipoti mimi ni Margaret Nyaguthii na kwenye cheti Margaret hayupo. Lazima mtu wa familia aende. Nimekuwekea humu barua ya kukuidhinisha na kopi ya kitambulisho.

Ukifika, unatoa barua, unakaa, unaitwa kwa jina. Tafadhali nenda na mtu.

Nyaguthii


Nanyuki
4 Septemba 2025

Kwa mama yangu,

Salamu kwako na kwa Ndiritu mdogo. Pole yake na jino. Mimi ni mzima.

Nairobi nilienda peke yangu. Nimeijua Nairobi kabla Shiro hajazaliwa. Nilivaa koti na medali. Kijana wa kaunta alikuwa anaongea na kompyuta yake badala ya kuongea na mimi, hajui kufungua mdomo. Akaonyesha viti kwa mkono. Nikakaa.

Watu walioingia nyuma yangu waliinuka wakahudumiwa wakaenda. Mama mwenye mapacha. Kasisi. Wanafunzi. Nilikaa wima wakati wote, sikuenda hata chooni. Mwishowe askari wa mlango akaja akanigusa, walikuwa wanazima taa.

Nililala kwa binamu yako, nikarudi asubuhi. Ikawa vile vile.

Hawakuniita. Labda jina lako halimo katika vitabu vyao. Labda ni mambo ya kujuana.

Sikuweza kazi uliyonituma, mama. Hii ni mara ya kwanza nasema hivyo kwa mtu.

Babako


Queensbury, London
28 Septemba 2025

Baba,

Walikuita.

Nimeianza barua hii na salamu nikaichana, nikaianza tena na salamu nikaichana. Salamu zitakuja. Walikuita siku ya kwanza, na siku ya pili walikuita.

Nilipokuwa mdogo kule kambini, nilikuita kutoka langoni, uko bustanini umenipa mgongo. Nikakuita, nikakuita. Nikaingia ndani nalia kwamba Baba amenikataa. Mama akanipangusa pua akasema, "Mizinga imekaa masikioni mwa babako. Mzunguke, umkute mbele." Basi tangu siku hiyo tulikuzunguka, mimi na Mama. Tulifanya hivyo mpaka akafa. Ulikuwa unafikiri tunapenda kukutazama usoni, na ni kweli, tulipenda, lakini haikuwa hiyo peke yake.

Sasa nikuambie ninachosomea. Ni masikio. Ile idara iliyokuwa ifungwe ni ya kupima usikivu wa watu na kuwawekea mashine. Vijana hawaitaki. Askari tumeijaza, na si ajabu: nusu ya darasa wametoka kwenye mizinga na injini za ndege. Kuna Douglas, mpiga mzinga kama wewe, mwanamume mkubwa kama mlango. Anakaa mbele kabisa ili asome midomo ya mwalimu, na asiposikia anainua mkono anasema, "Rudia, mimi ni kiziwi." Anasema hivyo kama mtu anayesema yeye ni mrefu. Hakuna anayecheka.

Juzi mwalimu alituonyesha ni sauti gani hutangulia kupotea. Ni zile nyembamba. Za wanawake, za watoto. Mtu anaweza kuendelea kusikia lori na ng'ombe miaka mingi, na sauti ya binti yake imeshaondoka. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi mpaka Minal akaja kunitafuta.

Sisi ni wazima. Giza limeanza kuwahi. Kwenye treni jioni kila mtu amejiziba masikio kwa vidude vyake, behewa zima limejaa watu na hakuna hata mmoja anayemsikia mwenziwe. Hao wanavaa vya kuziba hadharani. Wewe najua utaona aibu kuvaa cha kufungua. Nashuka Queensbury nikiwa sijasema neno la Kiswahili tangu nasari asubuhi, nikimchukua mtoto namsemesha Kiswahili njia yote, naye ananijibu kwa kile chao.

Rudi Nairobi, Baba. Nenda na Shiro. Akae kando yako, upande wa mlango. Nimeanza masomo kwa kuaminiwa tu, na muhula unaisha Desemba. Safari hii sikuombi, nakutuma.

Nyaguthii


Nanyuki
11 Novemba 2025

Kwa mama yangu,

Salamu. Mvua imekuja nyingi.

Nilienda na Shiro. Alifunga saiba yake siku nzima. Nilimwambia asinishike mkono barabarani kama mtoto, akasema, "Guka, wacha jeuri," akanishika.

Tulikaa. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwa kaunta. Akanigonga bega: "Simama, ni wewe." Nikamwambia hakuna aliyeita. Akasema, "Wameita mara tatu, Guka. Hata yule mtoto pale amegeuka kukuangalia."

Nikatazama, na kweli mtoto alikuwa ananiangalia.

Nikasimama. Yule kijana safari hii alichukua karatasi akaniandikia kwa herufi kubwa: UTHIBITISHO UNATUMWA LEO. Ni kijana mzuri. Karatasi yake ninayo.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria watu walionisalimu miaka hii yote wakadhani nina maringo. Mamako alijua na hakusema. Alinifichia mimi mwenyewe.

Wale vijana wamekuja tena kuangalia picha. Nimewaambia huyo sasa yuko chuo kikuu. Wakauliza nani anamlipia. Nikasema amejilipia mwenyewe, alilipa mapema.

Ukihitaji kitu kingine, sema.

Babako,
Ndiritu


Queensbury, London
7 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Uthibitisho umefika. Kiti ni changu. Mkuu wa idara alikuja mwenyewe kuniambia maktabani, na nikasimama nikakakamaa kama niko mbele ya afisa, wenzangu wote wakacheka. Kadi yangu ya mwanafunzi mtoto anaivaa shingoni, analala nayo.

Mama Pushpa ameenda Leicester kwa binti yake mpaka mwaka mpya. Kopo la biskuti ameliacha tupu: nilikaa naye jikoni siku tatu nikimpunguzia sauti ile mashine kidogo kidogo, akaondoka ameivaa, analalamika kwamba begi langu lina zipu ya kelele. Kwa hiyo Krismasi tutakuwa wawili. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia bomba la maji moto likijinyoosha. Usihuzunike, nakueleza tu ilivyo.

Umesema niseme ninachohitaji. Bado nahitaji hivi:

Ile plastiki, kama hukuitupa. Alama zangu ziko pale, najua zimegeuka nyuma mbele. Nataka kuibandika dirishani.

Majani ya chai, pakiti mbili. Ya Mama Pushpa uiandike Nakuru.

Karatasi ya kipimo cha masikio yako kutoka hospitali ya hapo Nanyuki, ile yenye mchoro, sikio la kulia na la kushoto. Barua ya daktari ya kusema u mzima siitaki, hiyo umeshaniandikia wewe mara nyingi.

Jina la ramani uliyoipenda, au mahali palipochorwa, nikaitafute maktabani.

Na sauti yako. Nenda kwa Shiro, akufungulie simu yake irekodi, uzungumze. Chochote: viazi, mvua, namna mzinga unavyopakiwa. Wewe hutatusikia, lakini huku tuko wawili wenye masikio mazima, na muda tunao. Ukimaliza, mwite mjukuu wako kwa jina lake. Hajawahi kulisikia kutoka kwa mtu yeyote. Ita Ndiritu, kwa nguvu, kama mtu aliye langoni. Asipogeuka, ita tena. Ita mara tatu.

Nyaguthii